Fimbo ya Baba na Waya wa Ukutani

Harufu ya plastiki inayoungua imetoka kwenye soketi ya jikoni, na mara nimerudi Karatu, kwenye kambi ya watalii ambako baba alikuwa mlinzi.

Nilimpelekea chakula. Palikuwa na gari lenye vitanda na jiko ndani, na waya mrefu kutoka ukutani uliingia ubavuni mwake. Dereva alinionyesha taa. "Hizi ni za betri," aliniambia. Betri nilizijua: za redio nilizionja kwa ulimi, ya gari niliishika kwa mikono miwili, na hazikunifanya kitu. Basi nikaushika na ule waya, pale ulipochubuka.

Mwili wote ulikakamaa, sauti ikagoma. Ndipo baba, ambaye hakuwahi kunipiga hata kofi, akanichapa fimbo mkononi kwa nguvu zake zote. Nikaanguka.

"Baba, mbona unanipiga?"

Dereva ndiye aliyenieleza: waya ule ulileta umeme wa nguzo wa kuchaji betri, na baba angenishika kwa mkono, tungenaswa wote.

Mwanangu, aliyekuwa anachomoa chaja ya simu kwenye soketi ile ya jikoni, ananitazama kwa hofu. Nimesimama mbele yake, mwiko wa mbao nimeuinua juu.