Tarumbeta Mbili Kutoka Lukozi

Niliondoka Lukozi kwa sababu ya Danieli, mtoto wa baba mkubwa. Alikuwa amemaliza kidato cha nne, na ilibidi achague kati ya vyuo viwili vya muziki mjini Tanga. Mimi niliishia darasa la saba. Nilimfuata kwa kuwa katika kundi letu la matarumbeta la kanisani hakuna anayefundishwa kupiga peke yake. Tunaposindikiza jeneza mlimani sauti haitakiwi kukatika, kwa hiyo tunapokezana pumzi wawili wawili. Danieli akivuta pumzi, mimi naendelea. Ndivyo tulivyofanya tangu utotoni.

Asubuhi tulipita Lushoto kwenye ukungu. Danieli alibeba vyeti vyake. Mimi nilibeba tarumbeta zote mbili.

Baada ya Mombo joto lilianza. Danieli alimweleza kila abiria habari za chuo. Nilitazama mkonge dirishani hadi macho yakachoka.

Tanga tulifikia kwa shangazi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, wanangu. Danieli, msomi wetu! Na wewe Yona, umekuja kumbebea mizigo?"

Wote walicheka. Nami nilicheka kidogo.

Kesho yake tulianza na chuo kinachofundisha walimu wa kwaya. Tulipiga pamoja, vizuri mno. Mkuu wa chuo alimshika Danieli mkono. "Karibu, kijana. Ukimaliza, utarudi kuwafundisha wenzako." Nilifurahi. Hapo angesoma, lakini angerudi kwetu.

Mchana tulikwenda chuo cha pili, kinachofundisha kupiga jukwaani. Mwalimu, mama mmoja mrefu, alisema, "Aingie mmoja." Nilibaki barazani, chini ya dirisha.

Danieli alianza vizuri. Alipofika mahali petu pa kupokezana akavuta pumzi, akanyamaza, akasubiri. Niliomba ukimya ule usiishe, ashindwe, arudi nyumbani kama mimi. Lakini tarumbeta yangu ilikuwa imeshafika mdomoni, nikapiga.

Mwalimu akachungulia. "Nani huyo?"

"Mimi, mwalimu. Shikamoo."

"Marahaba. Unapiga vizuri. Umesoma hadi wapi?"

"La saba."

"Pole, baba. Hapa tunaanzia kidato cha nne." Akafunga dirisha. Nikamsikia akimwambia Danieli, "Rudia. Peke yako."

Alirudia mara nyingi, akikatika palepale. Alitoka shati limelowa jasho, anacheka.

"Yona, yule mama kanigombeza, ila kanikubali! Nimechagua hapa."

"Umekatika hivyo, halafu unachagua hapa?"

"Ndiyo sababu. Wanachofundisha kule nakijua tayari."

Nilinyanyua tarumbeta zote mbili kama kawaida.

"Lete yangu," akasema. "Nitabeba mwenyewe."

Njia nzima ya kurudi aliipakata.

Jumapili, Lukozi, tulisimama mbele ya kanisa, tumeelekea mlima wa ng'ambo kama ilivyo desturi. Katika safari hii nilijifunza kwamba pale anapopumua Danieli ndipo palipokuwa mahali pangu, na kwamba sikuwa na pengine. Nilitaka naye ajue kuwa bila mimi anakatika. Tulipofika pale, nikachelewa makusudi ili akatike mbele ya watu wote.

Hakukatika. Alinyakua pumzi kidogo puani, akaendelea peke yake, na watu wakageuka kumtazama.