Fatiha Kabla ya Shahada

Mimi ni mwalimu wa chuo. Sisemi vile vyuo vikuu wanavyokwenda wajukuu zangu wakarudi na miwani. Chuo changu ni mikeka minne barazani, hapa Wambaa, na watoto wanaokuja wakitoka skuli, juzuu wameikumbatia kifuani. Skuli mwenyewe niliishia darasa la pili, mama akaniondoa nikamlee mdogo wangu. Lakini Kurani niliihitimu kabla sijavunja ungo, na tangu nilipofiwa na mume wangu ndiyo kazi yangu. Wengi wanaosimama mbele kuswalisha watu kijijini hapa walijifunza alifu kwa fimbo yangu. Sijigambi. Waulizeni wenyewe.

Njia yangu ni moja. Mtoto huanza alifu. Alifu haijanyooka, haendi bee. Fatiha haijanyooka, hafungui sura nyengine, hata mama yake aje alie hapa. Maana sifundishi. Ulimi kwanza, maana humfuata mtu ukubwani. Ndivyo nilivyofundishwa mimi, na aliyenifundisha ndivyo alivyofundishwa yeye. Sikupata kuona kasoro yake mpaka alipokuja kwangu yule fundi wa cherehani.

Alikuwa mwanamke wa bara, Mkristo, miaka thelathini na nne, hana mume. Alikuja Pemba na dada yake. Dada akahamishwa na kazi ya mumewe, yeye akabaki, nami nikampa chumba changu cha uani. Dirisha lake lilitazama barazani. Akikanyaga cherehani huku watoto wanasoma, na mara nyengine nasikia cherehani imenyamaza, nikajua anasikiliza. Ramadhani akafunga na sisi. Sikumwambia afunge, wala sikumuuliza kwa nini anafunga. Mtu mzima haulizwi tumbo lake.

Sikukuu ilipopita akanijia jikoni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Kanzu ya mjukuu wangu tayari?"

"Sijaja kwa kanzu. Nataka kusilimu."

Nilikuwa nakuna nazi, na sikuacha kukuna.

"Nani kakuposa?"

"Hakuna aliyeniposa, bibi."

"Basi nani kakutisha?"

"Hakuna."

"Vyema. Kesho alasiri njoo barazani, ujitie mtandio. Utaanza alifu."

Alikuja kabla ya watoto. Nikamkalisha mkeka wa mbele pamoja na wale wa miaka sita, maana aliyeanza leo hukaa na walioanza leo. Nikamwambia mbele ya wote, "Ukiisoma Fatiha ikanyooka, tutamwita shehe wa msikiti, utatamka shahada. Kabla ya hapo, soma." Maneno yenyewe ya shahada ni mafupi, mtu huyamaliza kwa pumzi moja. Lakini mimi niliona mtu asiyeweza kusoma Fatiha ataingia katika dini akafanye nini humo? Ataswali na nini? Akasema, "Sawa, bibi." Hakubisha hata kidogo. Hilo lilinipendeza, na ndilo lililonipoteza.

Bidii alikuwa nayo, siwezi kumnyima haki yake. Herufi alizishika kwa wiki tatu. Tabu ilikuwa koo. Zile herufi zinazotoka kooni hazikutaka kutoka kwake. Ikifika "na'budu" anapita juu kwa juu kama mtu anayeruka dimbwi, na mwisho wa sura ndiyo kabisa, ulimi unalala pale pasipo pake. Kile kibinti kilichokaa ubavuni mwake, hakijaota meno ya mbele, kikawa kinapiga kelele, "Mwalimu! Mtu mzima kakosea tena!" Nami nikigonga fimbo sakafuni. "Tena."

Siku moja akaacha kusoma, akaweka kidole kwenye mstari.

"Bibi, hapa nimesema nini?"

"Umesema vibaya."

"Najua. Lakini maana yake nini?"

"Maana utajua ukikua."

"Bibi, nina miaka thelathini na nne."

Watoto walicheka mpaka nikawanyamazisha kwa jicho. Sikucheka mimi. Ukweli ni kwamba maana ya sura ile niliijua kwa jumla tu, kama mtu anavyoijua njia ya kwao bila ya kujua majina ya miti. Neno kwa neno nisingeweza kumpa. Sikumwambia hivyo. Nikamwambia, "Tena."

Alijitafutia mwenyewe msahafu wenye tafsiri ya Kiswahili, akawa anausoma chumbani. Haikupita muda, nikawaona kina mama waliomletea nguo kushona wanakaa kwake zaidi kuliko kazi ya sindano inavyotaka. Nikasogea. Kumbe anawaambia maana ya sura wanazosoma wao kila siku! Mmoja wao, niliyemfundisha mwenyewe, akasema, "Kumbe ndivyo! Mwalimu hakutuambia." Nilikohoa, wakatawanyika.

Jioni hiyo tulikuwa tunachambua mchele, nikamuuliza alikojifunza kufundisha watu. Akasema kwao alikuwa katika kikundi cha dini kinachotembea nyumba kwa nyumba, wawili wawili, na vijitabu mkobani.

"Kila kifungu kina swali lake chini," akasema. "Mwanafunzi anasoma kifungu, anafungua Biblia, anajibu. Akijibu kama kitabu kilivyoandika tunamwambia, hapana, sema kwa maneno yako. Wiki ya pili tunarudi."

"Na mkikuta mlango umefungwa?"

"Tunaandika kwenye daftari, tunarudi."

"Na akikufukuzeni?"

"Hiyo pia tunaandika."

"Na ulimi wake mnaunyoosha lini?"

"Haunyooshwi, bibi. Ni Kiswahili."

"Basi nyinyi hamfundishi, mnazungumza."

Akapeperusha ungo, makapi yakaruka. "Na nyinyi, bibi, hamzungumzi. Mnafundisha."

Ningekuwa mtu wa kuchukia ningechukia. Nikamwambia aangalie mawe katika mchele.

Mfungo mosi ukapita, mfungo pili ukapita, miezi miwili tangu Ramadhani, Fatiha yake iko pale pale. Akasikia mama yake kaanguka huko Morogoro, hasemi, upande mmoja umekufa. Alasiri akaja barazani, watoto wameshatoka.

"Bibi, kesho naondoka na boti ya Mkoani."

"Mungu amponye mama yako."

"Amin. Bibi, nisome mara moja kabla sijaondoka? Nilitaka nikifika kwa mama niwe nimeshaingia. Nimwambie mwenyewe, akiwa hai."

Nikamwambia asome. Akasoma amefumba macho. Akateleza palepale, na mwisho akateleza zaidi kwa sababu sauti ilikuwa inatetemeka. Nami ninamtazama, ninajua anachokitaka, nikamwambia, "Bado. Ukirudi."

Akaniaga, akaenda kufunga begi lake.

Asubuhi aliondoka na gari la mwanzo. Nikawa nafagia baraza, akapita shehe wetu wa msikiti. Huyu ni mtu mzima sasa, ndevu zimeingia mvi, lakini mimi namkumbuka akilia kamasi kwenye mkeka wangu. Akasalimu, akauliza, "Mwalimu, yule mgeni wako tumsilimishe lini? Watu wananiuliza."

"Kasafiri leo. Alitaka jana, nikamkatalia. Fatiha yake mbovu."

Shehe akaingia barazani. Akavua viatu, akakaa kwenye mkeka, ule wa mbele.

"Mwalimu, nisamehe. Wewe ndiye uliyenifundisha."

"Sema."

"Fatiha inatakiwa na swala. Kuingia hakuitaki. Mtu akisema nataka kusilimu, haambiwi ngoja, hata saa moja. Anatamkishwa hapo hapo, kusoma kunafuata. Amekubishia hodi tangu sikukuu, nawe umeshika komeo."

"Nilitaka aingie vizuri."

"Akifa njiani, je? Utajibu nini wewe, na Fatiha yako iliyonyooka?"

Nitasema kweli, kwanza nilikasirika. Niliukumbuka mkono wake mdogo ulivyokuwa ukiogopa fimbo, na leo ananiuliza mimi nitajibu nini. Kisha nikatazama ule mkeka. Niliona alama ya mahali alipokuwa anakaa yule mwanamke, ukili umelegea, maana watoto ni wepesi, yeye mzito. Kila siku, tangu sikukuu. Na mimi nilijua. Si kwamba hukumu hiyo sikuwahi kuisikia, niliisikia msikitini mara nyingi. Ila chuoni kwangu nilijiona nina sheria yangu.

"Nipe simu," nikamwambia. Tukapiga. Imezimwa. Yule mwanamke ana tabia ya kuizima akisafiri, chaji isimwishie njiani.

Nikajifunga kanga, nikavaa buibui juu, nikatoka barabarani. Jirani yangu anaendesha pikipiki ya abiria, mwanamme wa makamo, ana watoto sita na wanne wako chuoni kwangu. Nilikuwa sijapanda pikipiki maisha yangu yote, na nimewaambia wengi kwamba mwanamke mwenye adabu hapandi.

"Mkoani," nikasema. "Bandarini. Boti haijaondoka?"

"Bado, mwalimu, lakini mbona... shika basi."

"Nishike wapi?"

"Nishike mimi."

"Sikushiki. Nashika chuma."

"Mwalimu, chuma cha moto hicho!"

Nikamshika bega. Njia nzima alikuwa anacheka kimya kimya, nauona mgongo wake unavyotikisika. Mimi nilikuwa nasema moyoni, Mola wangu, usimchukue mtu yule kwa ukaidi wangu.

Bandarini watu wameshapanga foleni, mabegi, mikungu ya ndizi, na mwanamke mmoja anagombana na askari wa mlangoni kwa kikapu cha matunda ya doriani. "Madoriani hayaingii ndani ya boti, mama, yananuka!" "Na wewe mbona umeingia?" Nyuma ya mwanamke huyo ndipo nilipomwona fundi wangu, tiketi mkononi. Aliponiona uso ukamgeuka.

"Bibi! Kuna msiba?"

"Hakuna msiba. Toka kwenye foleni. Unautaka Uislamu au huutaki?"

"Nautaka. Si nilikwambia?"

"Basi kwa nini hukunisukuma? Miezi yote hii umekaa na watoto wa chekechea, umenyamaza!"

Akanitazama kama mtu asiyeelewa ninachogombeza.

"Nilidhani ndio utaratibu wenu," akasema. "Kule kwetu nilisoma mwaka mzima. Kisha wazee wakanihoji, maswali kwa maswali, ndipo wakanikubalia ubatizo. Nilidhani na huku ni hivyo, na wewe ndiye mzee wa kunihoji. Nikasema, nikishindwa Fatiha, nimeshindwa mtihani."

Hapo ndipo nilipofahamu. Yeye alikuwa kaja na mlango wa kwao, mimi nikamfungia kwa ufunguo wangu, na wote wawili tukaridhika kwamba ndivyo dini inavyotaka.

"Hakuna mtihani," nikamwambia. "Nilikosea mimi. Sema nyuma yangu."

Nikamwita jirani yangu wa pikipiki awe shahidi. Mwanamke wa doriani akasikia, akaacha ugomvi wake, akaweka kikapu chini, akasimama nasi. Hata askari akavua kofia. Nikatamka polepole, neno kwa neno, naye akafuata. Kwa Kiarabu kwanza, kisha kwa Kiswahili, ajue anachokisema. Kwa Kiarabu aliharibu mara mbili. Mkono wangu ulitafuta fimbo, fimbo haipo. Nikauma meno, nikaendelea.

Mwanamke wa doriani akapiga kigelegele mpaka foleni nzima ikageuka. "Mashallah! Mwari huyu! Shika doriani!" Askari akasema, "Mama, nimeshakwambia." "Hii ya sadaka!" "Hata ya sadaka."

Fundi wangu alikuwa anajifuta macho kwa ncha ya mtandio. Akaniuliza, "Bibi, nimesoma vizuri?"

"Vibaya," nikasema. "Lakini umeingia. Nenda kwa mama yako."

Alirudi mfungo tano, mama yake bado yu hai, kaanza kutamka maneno machache. Alimwambia mama yake habari yake akiwa kashika mkono wake mzima. Mama akauliza kwa ulimi ule mzito, "Wamekuhoji maswali mangapi?" Akamjibu, "Moja, mama. Kwamba nautaka au siutaki." Mama akasema, "Hilo ndilo gumu." Akamwachia mkono, kisha akaushika tena. Zaidi ya hapo hawakusema, na mimi sikuuliza zaidi.

Siku hizi mtu mzima akija kwangu na neno kama lile, hata nazi naiacha kwenye mbuzi. Namtamkisha hapo hapo, na viatu vyake miguuni, na shehe ataambiwa baadaye. Watoto bado wanaanza alifu, na mtoto bado haendi bee mpaka alifu inyooke. Hilo sikulibadilisha wala sitalibadilisha. Ila tukimaliza kusoma, fimbo naiweka chini ya mkeka, fundi anafungua msahafu wake wa tafsiri, anatwambia tulichosoma. Nakaa na watoto nasikiliza. Neno nisilolijua nauliza, na yeye, mjeuri yule, mara ya kwanza alinijibu, "Utajua ukikua, bibi."

Kisha zamu yake ya kusoma inafika. Anakaa mahali pake pale pale palipolegea ukili, anasoma Fatiha, na koo lake bado la Morogoro.

"Tena," namwambia.