Tulivyomtoa Nasoro

Harufu ya tende zilizovunda ndiyo iliyojaza utoto wangu wa Matrah, Omani. Nyuma ya nyumba tuliyopanga palikuwa na ua wa bohari, na makanda ya tende ya mwaka uliopita yalipoondolewa, ardhi ilibaki nyeusi, ngumu, yenye kunata kidogo miguuni. Juu ya ardhi hiyo vijana wetu walicheza mpira wa kikapu. Tulikuwa tumehama Unguja mwaka wa sitini na nne, mimi nikiwa na miaka saba, na mchezo huo walikuja nao kutoka skuli za kule. Walipigilia pete ya pipa ukutani, likawa ndilo goli. Mpira ulipodunda, nyumba nzima iliusikia, na mama yangu, Bi Zuwena, aliweza kujua kwa mlio tu ni nani aliyeushika. "Huyo Nasoro," angesema huku anachagua mchele, nami nikichungulia dirishani namkuta kweli kaka yangu ndiye mwenye mpira.

Nasoro alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye kutumia mkono wa kushoto, na hapakuwa na kijana Matrah nzima aliyeweza kumzuia. Lakini nje ya ua ule hakuwa na lake. Baba alikuwa amebaki kaburini Unguja, kazi hazikupatikana, na kila kaka alipofungua kinywa sokoni watu walikicheka Kiarabu chake. Alikuwa akirudi nyumbani anakaa kitandani, anazitazama kuta. Miaka mitatu ilipita hivyo. Ndipo timu ya Maskati ilipomtaka. Maskati ilikuwa ng'ambo ya mlima, ndani ya ukuta, na milango yake ilifungwa jua likishazama, kwa hiyo aliyekwenda kucheza huko alilazimika kulala huko huko. Timu ile ilikuwa chini ya tajiri mmoja mwenye biashara hadi Bahrain.

Nahodha wetu, Seifu, mtoto wa kaka yake mama, alikuja nyumbani baada ya sala ya alasiri na kukaa ukingoni mwa mkeka.

"Shangazi, nimekuja kukuomba Nasoro. Maskati wanamtaka."

"Unaniomba, au mshawapa?"

Seifu alitazama chini. "Tushawaambia ndiyo."

"Na nyinyi mnapata nini?"

"Ndugu wawili wa Kibulushi, warefu hasa, wallahi hujapata kuona. Na goli la chuma lenye ubao wake."

Mama aliendelea kuchagua mchele. Baadaye akamgeukia kaka yangu, aliyekuwa amesimama mlangoni. "Na wewe mwenyewe?"

"Mama, tajiri anasema atanipa kazi. Nnachoka kukaa bure. Nitakuja kila Ijumaa."

Mama aliinuka, akamfungia nguo zake ndani ya shuka, na asubuhi yake akaondoka naye hadi mwisho wa kichochoro, tena akarudi peke yake.

Basi mjini likawa ndilo gumzo: tumetoa kingi mno au hatukutoa? Wazee walibishana mbele ya maduka, vijana nusura wapigane. Wengine walisema mchezaji kama Nasoro habadilishwi hata kwa watu watano. Mabishano yalikwisha siku Maskati walipokuja kucheza na sisi. Wanawake tulipanda darini kutazama. Wale ndugu wawili walimbana kaka yangu huku na huku, kila akiruka wapo, na Matrah ikashinda. Ua mzima ulilipuka. "Hatukutoa kingu… hatukutoa kingi!" Seifu alipiga kelele hadi ulimi ukamkwama, akabebwa juu juu. Mimi nami nilipiga vigelegele, kisha nikamtazama mama. Alikuwa ameshika ukuta wa dari kwa mikono miwili.

"Amekonda," alisema. "Hamwoni alivyokonda?"

Nasoro akaanza kuruka baadhi ya Ijumaa. Kisha habari ikatufikia kwamba tajiri amempeleka Bahrain kusimamia mizigo yake na kucheza huko. Alitoka bila kibali. Aliambiwa kitafuata, nacho hakikufuata, na siku zile aliyetoka bila idhini ya serikali hakuruhusiwa kurudi. Timu yetu iliendelea kushinda. Mama aliacha kupika biriani, chakula alichokipenda Nasoro, na madirisha ya upande wa uani akayafunga hata kwenye joto lile la kukausha koo. Alifariki wakati wa baridi, miezi michache kabla ya sultani kubadilika mwaka wa sabini na milango ya nchi kufunguliwa. Nasoro alirudi mwisho wa mwaka ule. Seifu alimpeleka makaburini, nami nikawafuata. Njiani Seifu alilia. "Tulitoa kingi, ndugu yangu."

"Hamkunitoa," kaka alimjibu. "Nilitaka mwenyewe kwenda." Alipofika kaburini alikaa chini mchangani, akaufunika uso wake, wala hatukuweza kumwinua mpaka adhana.

Sasa nakaa Mabela, nje kidogo ya Maskati, katika nyumba yenye vyumba vingi kuliko watu. Wajukuu zangu hutazama mpira wa kikapu wa Marekani na kubishana hadi sauti zinawakauka: timu fulani imempata nyota fulani, je, imetoa kingi mno? Wanajua kila mchezaji aliyekwenda na kila aliyekuja. Sijawahi kuwasikia wakitaja mama wa mchezaji, na huenda siku hizi hakuna haja, maana atapanda ndege amfuate mwanawe, ale naye, amtandikie kitanda, arudi. Mama yangu hakupata kukiona chumba alicholala Nasoro, si Maskati wala Bahrain.