Fisi Dirishani

Bibi yangu mzaa baba alikuwa na macho mekundu. Nalisema mapema kwa sababu kwetu Usukumani macho ya namna hiyo ni kesi ya uchawi. Yake yalitokana na moshi tu. Miaka yote alipikia mavi ya ng'ombe yaliyokaushwa, maana kuni kijijini zilikuwa zimekwisha, na mpumbavu yeyote angeelewa kwa kukaa jikoni mwake muda wa kusonga ugali mmoja. Lakini jirani yake, bibi mwenzake mwenye macho kama hayo, alikatwa mapanga akiwa amelala. Wiki hiyohiyo baba akaenda kumchukua mama yake, akamleta kwetu Kiseke. Alituambia kwamba mjini hakuna ujinga huo.

Baba alikuwa amepunguzwa kazi kiwandani, kama baba wa watu wengi miaka ile ya soko huria, akawa anauza mitumba Nyamagana. Siku moja ndani ya belo akakuta shuka jeupe, pana, lililochakaa kidogo tu. Mama akalitundika dirishani, mahali ambapo siku zote palikuwa na ubao. Tukajiona tumeshakuwa watu.

Kiseke ya wakati huo ilikuwa nusu mji, nusu shamba. Umeme ulikomea barabarani, kwenye kibanda cha video, na huko huingii bila kiingilio. Sinema yetu sisi ilikuwa bibi. Tukishakula, alifuta kioo cha chemli kwa kipande cha gazeti, akaiweka taa juu ya kinu kilichopinduliwa, akanyanyua mikono. Mwanzoni vivuli vyake vilipotea kwenye ukuta wetu wa udongo uliojaa masizi. Shuka lilipokuja alifurahi kuliko sisi watoto. Sungura akapata masikio hasa. Kuku akadonoa. Kisha akaja fisi, aliyekuwa bingwa wake, mgongo umeinama kwa nyuma, taya inafunguka na kujifunga, na juu ya mgongo kidole kimoja kimekaa kama mtu aliyepanda.

"Mbiti huyo!" bibi alisema kwa Kisukuma, kisha akacheka kicheko cha fisi hadi mdogo wangu akajificha chini ya meza.

Mimi nilikuwa darasa la tano, mjukuu wake mkubwa, mwenye vidole virefu, kwa hiyo alinifundisha. Gumba weka hapa. Kidole cha mwisho kilegeze, usikaze. Tulicheka sana jioni zile, na hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri kwamba shuka lina pande mbili.

Juu kwenye majabali ya nyuma ya mtaa wetu fisi wa kweli walikuwepo. Jirani yetu, mama aliyekuwa akikaanga na kuuza mapanki, ile mifupa ya sangara inayobaki viwandani, alipoteza mbuzi wawili mfululizo. Walinzi wa mtaa wakaanza kuzunguka. Wakapita nyuma ya nyumba yetu, wakaona dirishani fisi mkubwa anacheka, na mtu amekaa mgongoni. Kwetu haihitaji maelezo. Mchawi hutembea kwa fisi kama wengine wanavyotembea kwa baiskeli.

Mimi niliyaonja kwanza matokeo yake, bombani. Nilimwamkia muuza mapanki, "Shikamoo, mama," naye akaiangalia ndoo yake kama vile ndiyo iliyosema. Wanawake wengine wakasogeza ndoo zao mbali na yangu mpaka nilipojitwisha maji na kuondoka.

Kesho yake alasiri akaja balozi wetu wa nyumba kumi. Alikataa kiti.

"Mzee, leo magharibi wanakuja. Mimi siwawezi," alimwambia baba. "Afadhali mama yetu avuke maji sasa hivi, aende kwa binti yake kule Sengerema."

"Amefanya nini?"

"Wanasema anafuga fisi. Wamemwona."

"Fisi gani, balozi?"

"Lisemwalo lipo, mzee."

Nikaropoka kutoka jikoni, "Ni kivuli! Ni mikono ya bibi!"

Balozi akanitazama kwa huruma. "Mwanangu, kivuli kinacheka? Wamemsikia."

Baba akaanza kutafuta begi. Bibi, aliyekuwa akichambua mchicha, hakuinuka. "Nilishahama mara moja," alisema. "Nikihama tena nitakuwa nimekiri. Waache waje, wasimame palepale waliposimama. Nyinyi washeni taa."

Walikuja wengi. Sikuwaona, nilizisikia nyayo na fimbo zikigonga mawe. Baba alisimama nje mlangoni, mikono mitupu. Mama alimkumbatia mdogo wangu pembeni. Balozi akatangaza kwa sauti ya juu kwamba bibi atawaonyesha alichokuwa akifanya, watu watulie. Bibi akafuta kioo cha chemli, kama kawaida, akanyanyua mikono.

Ikawa inatetemeka. Sijawahi kuona mikono ikitetemeka vile, na niliogopa kuliko nilivyowaogopa wale wa nje. Fisi hakutoka. Kwenye shuka palikuwa na donge tu, linavimba, linanywea, linaota pembe.

"Mnaona?" mtu akapiga kelele. "Linageuka!"

Jiwe likatua juu ya bati. Nikaiondoa mikono ya bibi, nikaiweka yangu. Gumba hapa, kidole cha mwisho legeza. Fisi akatokea, na nje yakapigwa mayowe yaliyonifanya nitake kukimbia. Sikukimbia. Nikamkunjua fisi, nikafanya kuku, nikamdonoesha.

"Kuku!" sauti ya mtoto ikasema huko nje.

Nikafanya sungura. Mtoto akacheka. Balozi akamwambia mama alivute shuka, akalivuta lote, misumari ikang'oka, nao wakaniona mimi, nimevaa sweta la shule, mikono juu mbele ya chemli. Nikamfanya fisi tena, polepole, kidole baada ya kidole, macho yao yakinitazama. Mlinzi mmoja akashusha fimbo na kujaribu kuniiga, akashindwa, wenzake wakamcheka. Kicheko kikaenea.

Muuza mapanki akasogea dirishani akifuta machozi. "Mayu, mama yetu, utusamehe," alimwambia bibi. Kisha akaitazama mikono yangu, bado anatabasamu. "Na mjukuu naye hajambo. Kumbe bibi ameshamrithisha."

Kwetu ng'ombe hurithishwa, shamba hurithishwa. Na lile jambo jingine, inasemekana, bibi humrithisha mjukuu wa kike. Labda alitania. Lakini wawili watatu waliokuwa wakicheka wakaacha, wakaniangalia mimi, siyo bibi tena. Bibi aliliona hilo kabla yangu.

Asubuhi tulimkuta ameshafunga mzigo wake. Baba alimbembeleza, akamkumbusha maneno yake mwenyewe ya jana. "Jana ilikuwa shingo yangu," bibi alisema, akajitwisha mzigo.

Tulimsindikiza hadi Kigongo. Kivuko kilikuwa kinapakia, watu wanasukumana na magunia. Alinivuta pembeni, akaniinamia sikioni.

"Mtu akikuuliza nani alikufundisha, sema ulijifunza kwenye video."

Nilimpungia mkono hadi kivuko kikafika katikati ya maji. Yeye alisimama ukingoni akinitazama, mikono yote miwili ameificha ndani ya khanga, na hakuitoa.

Siku chache baadaye, bombani, muuza mapanki alinisaidia kujitwisha ndoo. Akaniuliza, kwa upole kabisa, ni nani aliyenifundisha vile vivuli. Nilimchukia kiasi kwamba niligeuka ghafla, maji yakanimwagikia usoni.

"Nilijifunza kwenye video, mama," nikamjibu.