Chungu cha Mwenyewe

Sauti ya mjukuu wangu Rehema akikariri maneno ya Kiingereza ndiyo iliyonirudisha nyuma. Alikuwa amekaa barazani, hapa Korogwe, daftari mapajani, akisoma kwa kuimba kama walivyomfundisha: anayenunua dukani ni kastoma, anayemlipa wakili ni klaienti, aliyekata tiketi ya garimoshi ni pasenja, anayelala hotelini ni gesti. Nilicheka peke yangu. Waingereza hawa nao! Mtu ni yuleyule na fedha yake ileile, akivuka barabara tu wameshambadilisha jina.

"Na aliyeagiza kitu," nikamuuliza, "kikatengenezwa kwa ajili yake, halafu hajaja kukichukua, huyo anaitwaje?"

Rehema akapekua daftari mbele na nyuma. "Huyo hatujafundishwa, bibi," akasema, akaendelea kuimba. Mimi kicheko kilikuwa kimekwisha, maana macho yalikuwa yameshakwenda pembeni mwa chumba cha mbele, kilipokaa chungu.

Habari ya chungu hicho sijawahi kumsimulia mtu ikaisha. Ninyi nitawasimulia yote.

Ilikuwa enzi za Mjerumani, kabla ya vita, nami nilikuwa na umri wa miaka tisa hivi. Mama yangu alikuwa mfinyanzi. Tuliishi karibu na mto, na nyumba yetu ilinuka udongo mbichi asubuhi na moshi wa kuchomea vyungu jioni, hata uji wetu nilidhani una ladha ya udongo. Siku za gulio mama alijitwika vyungu vikubwa, mimi vidogo, tukaenda kuvipanga chini kwenye majani makavu. Waliopita wakagonga vyungu kwa kidole na kusikiliza mlio, hao mama aliwaita wanunuzi. Lakini kulikuwa na chungu kimoja ambacho hakikuwa na mnunuzi. Hicho kiliitwa nyungu, cha kuchemshia majani ya dawa. Mgonjwa hufunikwa nguo pamoja nacho, akavuta mvuke.

Nyungu haikutengenezwa kabla ya kuagizwa. Anayeuguliwa alikuja mwenyewe nyumbani, akakaa chini, mama akampa donge la udongo mbichi. Akalibonyeza kwa kidole gumba. Donge lile mama alilipachika kwenye mdomo wa chungu, alama ikabaki, kikachomwa nayo. Tangu kidole kinapobonyeza, hata kama chungu bado hakijafinyangwa, mama hakumwita tena mtu yule mnunuzi. Jina lake sasa likawa mwenyewe.

Watu walimfuata mama kutoka mbali kwa sababu moja. Waganga walitaka nyungu ya mtoto ifinyangwe na mwanamke ambaye hajazika mtoto, na zama zile mwanamke wa namna hiyo ulikuwa unamtafuta kwa taa. Mama alikuwa na watoto wanne, wote hai. Hakujivuna kwa hilo, aliliogopa. Mtu akilitaja, alibadilisha mazungumzo.

Basi akaja mwanamke kutoka Kwaluguru, upande wa Handeni. Tulimjua kwa jina la mwanawe tu, Mama Mhina. Alikuwa amelala njiani usiku mmoja, miguu imejaa vumbi jekundu hadi magotini. Mhina wake alikuwa na homa isiyomwachia, na siku hizo alikuwa ameanza kukakamaa. Akabonyeza udongo, akanywa maji, akaondoka palepale. Walikubaliana akichukue gulio la tatu.

Gulio hilo mama alikibeba chungu kile kimefungwa kwa majani ya mgomba, akakiweka nyuma yetu. Jua lilipopanda akaniambia, "Nakwenda kutafuta chumvi. Hicho cha nyuma usikiguse, mwenyewe anakuja."

Hakuwa ameenda mbali alipotokea Mzungu. Hakuwa mtu wa boma wala mwenye shamba. Huyu alizunguka akinunua vitu vyetu: vigoda, ngoma, vibuyu vilivyokwisha kazi. Alifuatana na mtumishi wa pwani, mwenye kanzu, aliyemtafsiria. Mzungu akainama, akashika vyungu vyangu kimoja kimoja, akavirudisha. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyechoshwa. Nikaona aibu. Niliona kama vyungu vya mama yangu vinadharauliwa na mimi nimekaa kimya.

Watu wote waliamini, hata mama hadi anaingia kaburini, kwamba kile chungu kilichukuliwa kwa nguvu. Sivyo. Mzungu hakukiona. Mimi ndiye niliyegeuka, nikafungua majani ya mgomba, nikamwonyesha.

Uso wake ulibadilika. Akapitisha kidole kwenye ile alama mdomoni, akasema maneno mengi kwa lugha ya kwao. Ndipo nilipoogopa, nikasema, "Hicho kina mwenyewe." Mtumishi hata hakumtafsiria. Alinitazama kwa huruma ya mzaha, akasema, "Mwenyewe ndiye huyu aliyesimama mbele yako." Akaniwekea fedha kiganjani, wakaenda. Kwa kitambo kidogo, nawaambia ukweli, nilifurahi. Nilikuwa nimeuza kitu ambacho mama mwenyewe asingethubutu kukiuza.

Mama na Mama Mhina walifika pamoja, walikutana penye chumvi. Fedha nilikuwa nimeshaifunga penye pindo la nguo yangu. Mama aliona majani ya mgomba yamelala chini, akanitazama. Nikasema, "Mzungu amekichukua," kisha nikalia, na kilio kikanisaidia kusema uongo uliobaki. Mama akanikumbatia. Akamwambia Mama Mhina, "Nisamehe, ndugu yangu. Wamemnyang'anya mtoto."

Mama Mhina hakupiga kelele. Alikaa chini taratibu, akayatazama yale majani. Kisha akaniuliza mimi, kwa sauti ya mtu anayemsikitikia mwenzake: "Na huyo Mzungu, kwake anaumwa nani?"

Yeye hakufikiri kwamba mtu anaweza kuitaka nyungu bila mgonjwa. Sauti ile huisikia hadi leo, mchana kweupe, nikiwa napepeta mchele au nafua nguo.

Siku hiyohiyo tulirudi naye nyumbani. Akabonyeza donge la pili. Mama akamwambia udongo hauharakishwi, usipokauka vizuri utapasuka motoni. "Nimeelewa," akasema, "nitarudi." Tulimtazama akishika njia ya Handeni, mikono mitupu, anakwenda kwa haraka ya mtu aliyeacha mtoto.

Chungu cha pili kilikauka, kikachomwa, kikatoka kizuri kuliko cha kwanza. Mama alikipeleka kila gulio, akakirudisha. Vita vikaja, Wajerumani wakaondoka kwa njia ileile ya Handeni, na wapagazi waliochukuliwa katika vijiji vyetu wakawafuata, mizigo vichwani. Tulipokimbilia porini mama aliacha vyungu vyote akabeba kimoja. Akiwa kitandani siku zake za mwisho alinikabidhi: "Usikiuze. Mwenyewe anakuja." Hata hapo sikumwambia. Nilikuwa na watoto wangu mwenyewe, na bado niliogopa.

Nilikuja kusikia kwamba vitu walivyonunua watu wa namna ile viliwekwa katika majumba kwao, watu wakipita kuvitazama nyuma ya vioo. Labda kile cha kwanza kiko huko, hakijachemsha hata jani moja.

Rehema alipomaliza kukariri, akaniona nimesimama mbele ya chungu. Akauliza naangalia nini. Nilikuwa nimeweka kidole gumba changu kwenye alama ya Mama Mhina, jambo ambalo sikuwa nimelifanya tangu utotoni. Wakati ule kidole changu kilipotelea mle ndani, nami nilimhesabu yeye mtu mzima, wa rika la mama, mtu wa kustahimili kila kitu.

Sasa kidole hakikuingia. Udongo hunywea motoni, najua, nimekulia humo, lakini haunywei kiasi hicho. Nikamwita Rehema, ambaye mwaka huu anatimiza miaka kumi na sita, nikamwambia aweke chake.

Kilienea sawasawa.