Vifuniko Tano

Ati ningengoja Mama mwenye duka arudi? Ongea tu, hukuwa nyuma ya hiyo kaunta. Duka yetu ya dawa za mifugo hapa Eldoret, mteja akiingia na kelele, ni mimi anamwagia.

Asubuhi hiyo mzee mmoja wa Soy aliingia na chupa ya dawa ya kupe, akaigonga mbele ya watu wote. "Mnatuuzia maji! Nimenyunyizia ng'ombe mara mbili, na kupe bado wanatembea tu kama wako kwao."

Damu ikanipanda. Mtu akigusa jina ya Mama, amenigusa. Alinipea kazi bila karatasi yoyote ya shule. Dawa nilijifunza kwa kusoma lebo moja moja. Nikamuuliza: "Mzee, unapimanga aje?"

"Si kama kawaida? Vifuniko viwili kwa pampu moja."

Nikaangalia chupa. Hizi mpya zilikuja na kifuniko ndogo. Nikatafuta ya zamani kwa stoo, nikapima na maji: mbili za zamani zilijaza tano za mpya. Kumbe mzee alikuwa anaweka dawa haifiki hata nusu.

Nikashika kalamu nene, nikaandika kwa kila chupa kwa rafu: VIFUNIKO 5.

Mama akaingia, akitoka benki. "Nani alikutuma uchore chupa zangu?"

"Nimejituma, Mama."

"Kujituma ni kuosha hiyo sakafu! Sasa nani atanunua chupa imeandikwa kama ukuta ya choo?"

Mzee akacheka. Mimi nilikuwa nishafungua vifungo mbili za dasti koti, niende zangu. Lakini nikienda, kesho mwingine atasimama hapo aite Mama mwizi, na nani atamjibu? Nikavifunga. Nikamsukumia Mama vile vifuniko na kikombe ya maji. "Pima mwenyewe."

Akapima. Akarudia. Halafu akaokota kalamu kwa kaunta, akanipea. "Hiyo tano yako inakaa herufi S. Andika vizuri."

Wiki iliyofuata mzee alirudi kununua chumvi ya ng'ombe, na kupe hakutaja. Mama naye, asante sijaisikia mpaka leo, na bado mimi ndio wa kwanza kufika kazini. Wewe boss yako akikosa kukusifu, unafanya kazi nusu?