Maji ya Mama, Kutoka Mtoni Hadi Kinondoni

Siku hiyo nyumbani kwa Fundi tulikuwapo sita: mimi, wadogo zangu Hamisi na Zuhura, Fundi Piyadasa, mkewe Mama Kusuma, na mtawa wa dini yao ya Buda, aliyejitanda shuka la manjano.

Fundi ni sonara, mtu wa kisiwa cha Sailani. Mama yetu alipofariki niliacha shule nikaenda kumvukutia mivukuto ya moto wa kuyeyushia dhahabu. Kilichonitisha ni Zuhura. Kila jioni alimwekea mama sahani, naye hakubali kula mpaka mama aje. Akilala na njaa, akizidi kukonda.

"Mlete kwangu," Fundi aliniambia nilipomsimulia. "Kesho tunamkumbuka mwanetu marehemu."

Alfajiri tuliondoka kwetu Mtoni kwa miguu, Zuhura mgongoni kwangu.

"Kaka, na mie nibebe," alilalamika Hamisi. "Kwani mie si yatima?"

Kinondoni kwa Fundi tulifika jua limepanda. Mtawa alikula kwanza. Kisha Fundi na mkewe wakashika birika pamoja, wakamimina maji kikombeni. Kikombe kikajaa, wao wanamimina tu. Hamisi, mchota maji wetu, hakuvumilia.

"Shikamoo mzee, kimejaa! Maji yanapotea!"

Mtawa alicheka mpaka akashika tumbo.

"Hayapotei," alisema Mama Kusuma. "Wema wa leo wa kumlisha mtawa tunampa mwanetu, umfikie kama maji haya yanavyofurika."

Zuhura akauliza, "Halafu yeye anakuja kula?"

"Haji, mwanangu. Nami nilimngoja sana. Mtawa akanifundisha: kila aliyezaliwa huondoka, na kinachotutesa ni kung'ang'ania asiondoke. Sasa nampa fungu lake, kisha nakula mimi."

"Na mama yangu Mwislamu, yatamfikia?"

"Hilo kamuulize shehe wenu," alisema Fundi. "Lakini birika hili hapa."

Mama Kusuma akamshika Zuhura mikono, wakammiminia mama yetu. Kisha Zuhura akala wali na mchuzi wao, machozi yakimtoka.

"Unamlilia mama?" nikauliza.

"Nalia pilipili! Niongeze."

Jioni tulirudi, Zuhura akitembea mwenyewe. Nyumbani alimwekea mama sahani kama kawaida, akaomba dua, akaila yote. Dini yangu ni ileile, lakini nilijifunza kwao kwamba kumpa marehemu fungu lake si lazima kumngoja.

Deni limebaki. Mama Kusuma alimmiminia mama yetu, nasi hatujampa mwanawe kitu. Mpunga wetu haujakomaa. Ukivunwa, sahani ya kwanza ni ya mtoto huyo, na Zuhura ameshatangaza kwamba mlaji ni yeye.